Bwana wa Pili Ndani ya Matela

Siku tuliyohama, mama alishona wavu wa baba ndani ya matela ya nkambo, godoro la bibi yetu, na mimi nikapewa kazi ya kuchekesha watu wenye bunduki.

Ilikuwa kazi kweli. Kutoka kijijini kwetu mpaka Kilwa, ile Kilwa ya Kongo ambako boti zinaondoka kuvuka ziwa Mweru, kulikuwa na barieri nne. Barieri ni muti uliolazwa barabarani, au kamba tu, na watu wamekaa kivulini wakingoja wenye kukimbia vita. Wengine walivaa uniforme nzima. Wengine walivaa suruali ya uniforme na jezi ya mpira, na mmoja alivaa joho la kwaya, sijui mwenye joho alikuwa wapi. Wote walikuwa na swali moja: "Munabeba nini?" Ukijibu "hapana kitu", unavuliwa mpaka ndala.

Mama alikuwa muuza samaki, amepita barieri maisha yake yote, na alijua kwamba mutu akicheka anasahau njaa yake kwa dakika mbili. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu na sikuwa na faida nyingine yoyote pale nyumbani. Kwaya ilinifukuza kwa sababu nilikuwa naimba na sauti ya mwalimu wa kwaya, pamoja na kikohozi chake. Kwenye matanga ya jirani nilichapwa kwa kuuliza baiskeli ya marehemu sasa itapandwa na nani. Mwalimu wangu wa hesabu aliniambia mbele ya wote kwamba kichwa changu ni cha kubebea maji. Mama ndiye mutu wa kwanza kuona kwamba upumbavu huu unaweza kupitisha muzigo.

"Leo fungua kinywa yako yote," akaniambia asubuhi ile, sindano ikiwa bado mukononi. "Ile mambo ninakupigaka juu yake kila siku, leo njo ninaikubali."

Baba hakuja nasi. Alibaki kumtafuta mudogo wake, ambaye alikwenda shambani siku ya Jumatatu na hakurudi. Alisema atatufuata kwa wiki moja. Kitu alichotukabidhi kilikuwa wavu wake.

Wavu ule aliufunga mwenyewe, fundo kwa fundo, kwa masika mawili. Alikuwa na kibao kidogo cha muti, kirefu kama kidole, na kila jicho la wavu alilipima juu ya kibao kile mpaka kikawa laini kama sabuni iliyotumika. Macho yake yalikuwa madogo kabisa. Kidole changu kiliingia mpaka ukucha, kisha kikakwama. Wavu ule ulitulisha, ulitununulia nguo, na ulilipa masomo yangu ambayo mimi niliyatumia kuiga walimu.

"Mutu akiwa na wavu yake," baba alisema akiukunja, "anafika leo, kesho anaingia mu maji. Hata mu nchi gani." Kisha akanitazama mimi, si mama. "Muichunge. Nikifika ninaitaka."

Basi mama alifumua matela, akatoa sponji ya katikati, akaweka wavu, akaacha sponji kidogo juu na kidogo chini, akashona. Sponji iliyobaki hakutaka kuitupa. Tuliibeba vipande vipande. Dada yangu mudogo, mwenye miaka mitano, alivaa kipande kichwani kama kofia ya askofu. Nkambo, ambaye ni mama wa baba na ambaye miguu yake ilikuwa imeacha kazi zamani, tulimkalisha juu ya matela iliyokunjwa, nyuma ya baiskeli, na mimi nikasukuma.

"Ninakalia nini hapa?" akauliza. "Iko na mafundo sawa mugongo ya mamba."

"Unakalia mali ya mutoto wako," mama akasema. "Nyamaza."

Barieri ya kwanza niliwaambia wale vijana kwamba nkambo ni kolonel wa zamani, amekuja kukagua kama viatu vyao vimepigwa rangi. Mmoja alisimama wima kwa mchezo akampigia saluti. Nkambo naye akarudisha saluti, bila kuombwa, uso mukavu kabisa. Wakacheka, wakachukua kuku, tukapita. Ya pili niliiga mbuzi anayekataa kuingia kanisani. Wakachukua sufuria, tukapita.

Ya tatu walikuwa wamelewa na hawakutaka mchezo. Mama alikuwa ameficha bidoni ya mafuta ya ngazi, yale mawese, chini ya kitenge cha nkambo. Waliipata. Walichukua mafuta yote, na beseni, na chumvi, na yule wa joho la kwaya akampiga mama fimbo ya bega. "Kitu munaficha ni yetu," akasema, kwa upole hivi, kama mutu anayefundisha katekisimu.

Ya nne nilikuwa nimeelewa. Kabla hawajauliza, nilitoa redio yetu kwenye muzigo nikaiinua juu. "Shefu, hii redio ni mugonjwa! Inasema kweli tu! Mutusaidie, itatuua!" Mukubwa wao alicheka mpaka kiti chake kikavunjika mguu mmoja. Akatoa mawe ya redio, zile betri, akayatia mufukoni, akanirudishia redio yenyewe. Hakugusa kitu kingine.

Tulipofika mbali kidogo mama alicheka mara ya kwanza katika wiki ile. "Umeona? Kitu banajitafutia benyewe, banabeba yote. Kitu unabaonyesha weye, na kicheko juu, munagawana."

Maneno hayo yaliingia kichwani mwangu na kukaa, mimi ambaye sijawahi kushika hata jedwali la saba.

Boti ilikuwa ya mbao, na motere nyuma, imejaa magunia mpaka watu ndio walionekana kama nyongeza. Nilitapika tangu dakika ya kwanza. Karibu nasi alikaa mama mmoja munene, mufanyabiashara, mwenye kuvuka kila wiki na samaki wake wakavu. Alimtazama nkambo, akatazama matela, akavuta pua.

"Dada, matela yako inanuka samaki."

"Muzee anakulaka mu kitanda," mama akajibu.

"Hm. Anakulaka pamoja na wavu?"

Mama akavuta kitenge cha nkambo kifunike matela. Yule mufanyabiashara akasogea, akashusha sauti. "Sikia vizuri. Kule Nchelenge batu ya karatasi, bale ba ofisi, habako sawa na ba kwetu. Ukinyamaza, unapita. Usibachezeshe."

"Mutu ya karatasi eko mutu ya karatasi," mama akasema. "Huyu mutoto yangu atabaweza."

Niliinua kichwa kutoka kwenye ubavu wa boti ili nipokee sifa yangu, kisha nikatapika tena.

Tulishuka Nchelenge, upande wa Zambia, jua likiwa limepanda. Nilitegemea kitu kingine, sijui nini, labda ukuta, labda nyasi za rangi nyingine. Kulikuwa na mchanga ule ule na samaki wale wale wametandazwa juu ya mikeka. Vijana wa minibasi walikuwa wanaita "Mansa, Mansa, Mansa" kwa sauti ya mutu aliyepoteza mutoto wake. Kwa ufupi, tulikuwa tumekimbia nyumbani tukafika nyumbani, ila hapa hakuna aliyetujua.

Wakatukalisha chini ya turubai, sisi wote tuliotoka ng'ambo, tungoje lori la kutupeleka Kenani, mahali pa kupokelea wakimbizi. Hapo ndipo alipokuja yule bwana.

Alivaa shati jeupe lenye mistari ya pasi, na kalamu mbili mufukoni. Alianza na nkambo. Alichuchumaa mbele yake, akapiga makofi polepole kwa heshima, kama wanavyofanya Wabemba, akasema, "Mwaiseni, mama, mwaiseni." Nkambo alielewa kwamba anakaribishwa, akapiga makofi naye. Kisha yule bwana akatupa maji. Maji yake mwenyewe, ya chupa. Akamuuliza mama, kwa Kiswahili chake cha sokoni kilichojua bei na vipimo zaidi kuliko sarufi, tuko watu wangapi na kama kuna mugonjwa. Aliandika. Hakuomba kitu.

Tulingoja aombe. Hakuomba.

"Huyu haombi," mama alininong'oneza. "Anatafuta kitu kikubwa."

"Meno yake mingi sana," nkambo akasema. "Mutu wa meno hivi anataka yote."

Musituone wajinga. Maisha yetu yote, mutu mwenye kalamu alikuja na mukono mbele. Ukiuona mukono, unajua bei, unaanza kupunguza. Huyu alificha mukono. Kwetu mukono uliofichwa ndio wenye bei kubwa kuliko yote. Mama alianza kutoka jasho. Na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kufurahi, kama mchezaji aliyeona timu nzuri inaingia uwanjani.

Lori likaja. Watu wakasimama. Yule bwana akaona kwamba nkambo hawezi kutembea na kwamba matela ni kubwa kwangu, akainama aibebe yeye. Aliinua. Akaishusha. Akashika kiuno.

"Eh! Iko uzito. Ndani iko nini?"

Mama akanitazama. Jicho lile nilikuwa nalijua kutoka barieri nne: ingia.

"Mukubwa," nikasema, "ndani iko bwana wa pili wa nkambo. Alimukunja asilipe boti."

Alisimama kidogo, akiitafsiri kichwani. Kisha kicheko kikamtoka, kicheko cha kweli, cha tumbo. Akawageukia wenzake akawaambia kwa Kibemba, nao wakaanguka kwa kicheko. Hata dereva wa lori alishusha kioo aelezwe. Watu wetu chini ya turubai walicheka. Nkambo mwenyewe alifunika uso na kitenge. Yule bwana alifuta machozi, akainama tena, akashika matela upande mmoja, akaniambia nishike upande mwingine.

Tulikuwa tumepita. Leo ninaijua hiyo dakika vizuri, ninaweza kuichora. Lori lilikuwa hatua kumi. Mama alikuwa ameshaanza kumfunga dada yangu mugongoni.

Lakini kichwani mwangu biashara ilikuwa haijaisha. Kicheko kilikuwa kimekuja, sasa ilibaki kugawana. Kama singemuonyesha mimi, angeona yeye mwenyewe baadaye, angebeba yote, na mama angepigwa fimbo ya bega la pili. Mimi nilikuwa ninaokoa nusu.

"Ngoja, mukubwa, umuone," nikasema. Niling'ata uzi wa mama, nikapasua mushono kwa meno, nikaingiza mukono, nikavuta pindo la wavu likatoka nje. "Angalia ndevu zake! Tutagawana. Kichwa ni yako, miguu ni ya nkambo."

Mama alisema jina langu. Kidogo tu, kama mutu aliyechomwa na muiba.

Yule bwana alikuwa bado anacheka alipolishika lile pindo. Kicheko kilimwisha usoni taratibu. Alijaribu kuingiza kidole katika jicho la wavu. Kiliingia mpaka ukucha, kikakwama. Akavuta wavu zaidi, akajaribu tena, kama aliyetegemea kwamba jicho lile moja lilikosewa. Kisha akashusha matela chini, polepole, akaita mutu mwingine kutoka kwenye kibanda cha ufukoni, mulinzi wa samaki, mwenye buti na kipande cha chuma cha kupimia.

Sheria yao wanaijua hata watoto wa pale: wavu wenye macho madogo hivyo unabeba samaki wachanga, umekatazwa, ukipatikana unachukuliwa na kuchomwa. Sisi upande wetu tulikuwa tumesikia kwamba Wazambia hawapendi wavu wa namna ile. Tulidhani kutopenda ni bei.

Mama alipiga magoti. "Muikate!" akasema. "Baba, muikate, mubebe nusu!"

"Nusu ya nini?" yule mulinzi akauliza. Hakuwa anadhihaki. Hakuelewa kabisa. Mwenye shati jeupe alijaribu kumtafsiria, na kwa Kibemba pia, nafikiri, haikuwa na maana.

Kisha mwenye shati akanigeukia. Nilitaka anipige. Angenipiga ningejua niko wapi.

"Weye mutoto," akasema. "Mimi sikuuliza ili nikamate kitu. Niliuliza juu mugongo yangu iliuma."

Walimpa mama karatasi, imepigwa muhuri, ya kuonyesha kwamba wavu umechukuliwa. Ndiyo karatasi yetu ya kwanza katika nchi hii. Zingine zote, za jina, za chakula, za shule, zilikuja baada ya hiyo.

Na kwa kuwa lori lilipata pancha, tuliona hata ulivyochomwa. Kulikuwa na rundo la nyavu zilizokamatwa wiki ile, wakarusha wa baba juu, wakamwagia petroli. Nailoni haiwaki vizuri. Inajikunja, inalia, inatoa matone meusi yanayoendelea kuwaka yakianguka, na inanuka kama ndala iliyosahauliwa kwenye mbabula ya makaa. Masika mawili yaliisha kabla dereva hajafunga nati ya mwisho ya gurudumu. Dada yangu mudogo aliuliza kama yule bwana wa nkambo anaumia.

Kenani walitupa hema, blanketi, sufuria, unga na maharagwe. Siwezi kusema vibaya juu ya unga, niliula. Kulikuwa na foleni ya maji, foleni ya unga, na foleni ya kuulizwa uko foleni gani. Watu walikuwa wanalia usiku na kucheka mchana, au kinyume chake. Mimi nilikuwa maarufu. Habari ilipanda lori pamoja nasi, na kesho yake watoto wa mahema yote waliniita Bwana ya Pili. "Bwana ya Pili, sahani yako!" "Bwana ya Pili, ulilipa boti?" Siku mbili za kwanza nilijibu kwa kuinama kama mutu wa harusi. Siku ya tatu nilimpiga mutoto mmoja, naye akanipiga vizuri zaidi.

Mama hakunipiga. Hakunitukana. Alinipakulia chakula, akaweka mbele yangu, akageuka. Kwa karibu mwezi mzima nilikula chakula kisicho na neno moja. Kama alitaka niende kuchota maji, alimwambia dada yangu, "Mwambie yule achote." Hema letu lilikuwa dogo, mutu akinyoosha mguu anamgusa mwenzake, na mimi nilikuwa "yule".

Nkambo alilala juu ya gamba la matela, kitambaa kilichobaki na vipande vya sponji tulivyovirudisha, vingine bado vikiwa na umbo la kofia. Ubaridi ulimpanda mifupa. Yeye peke yake ndiye aliyenisemesha.

"Ninasikia baridi ya bwana wangu," aliniambia asubuhi moja.

Sikujua kama nicheke.

"Cheka," akasema. "Nilimuzoea. Alikuwa na mafundo, lakini alikuwa anapasha moto."

Kila lori lililofika na watu wa boti, mama alikwenda kuuliza. Wiki ya baba ikapita, ikapita ya pili, ya tatu. Mama alikuwa na hofu mbili na zilikuwa zinapigana ndani yake: kwamba hatafika, na kwamba atafika. Jioni moja akamwambia dada yangu, akinitazama mimi, "Mwambie yule. Baba yenu akikuja, wavu ilibakia ku barieri ya tatu. Pamoja na mafuta." Nilitikisa kichwa kukubali. Ilikuwa mara ya kwanza mama kuniagiza uongo wenye faida, na niliushukuru kama zawadi ya sikukuu.

Baba alifika wiki ya nne, saa sita mchana, kwenye lori. Alikuwa mwembamba, shati si lake. Mudogo wake hakuwa naye, na hatukuuliza, kwa sababu alikuwa amevaa viatu vya mudogo wake. Alimshika nkambo kichwa, akamshika mama mukono, akamuinua dada yangu, akaniwekea kiganja shingoni. Akakaa. Akakunywa maji. Kisha akaingiza mukono mufukoni akatoa sindano yake ya wavu, na uzi kidogo, na kile kibao. Barieri nne hazikuwa zimeona sababu ya kuvichukua.

"Kesho nitauliza njia ya ziwa," akasema. "Wavu iko wapi?"

"Barieri ya tatu..." mama akaanza.

"Walibeba mafuta," nikasema mimi, nikimsaidia, "na beseni, na..."

"Baba!" dada yangu akadakia, akiwa na furaha ya kuwa na habari. "Huyu banamwitaka Bwana ya Pili!"

Baba akatabasamu. Alikuwa hajatabasamu siku nyingi, ilionekana katika mdomo, ulikuwa umepasuka. "Juu ya nini?"

Mama akatazama chini. Nkambo akafunga macho. Ndani ya hema kulikuwa na joto kama ndani ya sufuria. Ningeweza kusema chochote, mimi ni bingwa wa chochote. Nilifungua kinywa na kweli ikatoka yote, kuanzia maji ya chupa mpaka matone meusi.

Nilipomaliza, baba alikuwa anageuzageuza kile kibao kati ya vidole.

"Rudilia," akasema. "Vile ulisema. Maneno yenyewe."

"Baba..."

"Rudilia."

Nikasimama. Nikarudia. Mukubwa, ndani iko bwana wa pili wa nkambo, alimukunja asilipe boti. Nilifanya na mikono pia, kwa sababu siku ile nilifanya na mikono. Kisha, angalia ndevu zake, tutagawana, kichwa ni yako, miguu ni ya nkambo. Hakuna aliyecheka. Baba alisikiliza kama anavyosikiliza bei, kichwa kimelala upande mmoja.

"Ku bwana ya pili," akasema mwisho, "pale njo ulipaswa kusimama."

Ni hayo tu. Miaka mitatu sasa hajaongeza neno. Mama alianza kunisemesha siku ile ile, kana kwamba hukumu ilikuwa imetoka na kila mutu aende kwake. Mimi ndiye niliyebaki mahakamani, maana alikuwa amesema kweli, na alikuwa ameisema kama fundi. Mzaha ulikuwa mzuri. Ulikuwa umefanya kazi. Niliuharibu kwa kuuongeza.

Sasa niko darasa la kumi, ninatania kwa Kibemba na Kiingereza, na nimeshaitwa ofisini mara zisizohesabika. Baba ana karatasi ya ruhusa, anakwenda Nchelenge kufanya kazi kwenye boti za wengine. Anavuta nyavu za watu, anashona nyavu za watu. Jioni, mbele ya mulango, anafunga wake, wa macho makubwa, wa sheria. Amechonga kibao kipya, kipana. Lakini vidole vyake vilizoea kile cha zamani miaka ishirini. Ukiviachia peke yavyo, fundo linarudi dogo. Anafunga mistari mitatu, anapima, anaona vidole vimemsaliti, anafumua miwili. Kibao kipya baba hakiamini. Anaamini rula yangu ya shule, ile ya plastiki, kwa sababu ina namba na hakuichonga yeye. Wavu wenyewe haujafika hata urefu wa mulango.

Kwa hiyo rula inalala mufukoni mwake, na asubuhi anaondoka nayo ziwani kabla sijaamka. Sijawahi kuidai.

Mwalimu wa hesabu wa hapa ananiuliza karibu kila siku. "Na leo, rula iko wapi?" Darasa zima linageuka, wameshaanza kutabasamu, wananingoja. Nimeshasema imeolewa. Nimeshasema imekwenda Mansa kutafuta kazi. Jana nilisema imefunga, inaomba mvua. Wakacheka, hata mwalimu alicheka, akabaki ananitazama kama anayetaka nyingine.

Nyingine nilikuwa nayo. Nilikaa chini.